Miaka minne ya dawa za vidonda vya tumbo, kumbe safura: uzi kwa watu wa Kusini

Mchunga wa Lukuledi (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni. Nauandika kwa ajili ya mama yangu mdogo, na kwa kila mtu wa Lindi na Mtwara ambaye akisema "naumwa hapa chini ya kifua, nikila kidogo nashiba, tumbo linajaa gesi" anajibiwa papo hapo: hivyo ni vidonda vya tumbo, meza hizi.

Mimi ni afisa mifugo, kituo changu Masasi. Sitibu binadamu na sitamwandikia mtu dawa humu. Lakini habari ya minyoo na asidi ya tumbo nimeiona kwa mbuzi miaka mingi kabla haijaingia nyumbani kwetu. Ndiyo maana ilipofika niliumia mara mbili: kwa ugonjwa wenyewe, na kwa kuwa nilikuwa na elimu ya kuutilia shaka nikaiacha ofisini.

Mama mdogo analima bonde la Lukuledi, upande wa Lindi. Mikorosho, mbaazi, mpunga kidogo mvua zikikubali. Mwaka 2019 alianza kuacha chakula. Mwanamke aliyezoea kumaliza ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kisha akasogeza sahani aongezewe, sasa anakata matonge matatu, ananawa. Ukimuuliza anasema, "Nimeshiba, baba." Hasemi hataki. Hasemi chakula hakina ladha. Nimeshiba. Neno hilo lishikeni, nitalirudia.

Watoto wake walidhani ana jambo moyoni. Mashoga zake wakasema chango. Duka la dawa wakampa vidonge vya kupunguza asidi, akapata nafuu siku nne tano, hali ikarudi. Zahanati wakaandika vilevile. Miaka minne alitoka kidonge kimoja cha asidi akaingia kingine, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia: mama, tuletee choo tukiangalie. Mwaka wa tatu akaanza kula udongo, ule wanaouziwa wajawazito sokoni, naye hedhi alishaaga siku nyingi. Tukaona ni tamaa tu ya mtu mzima.

Februari 2023, wakati wa palizi, alianguka shambani. Hospitali kipimo cha wingi wa damu kikasoma 5.8, kidogo mno. Akaongezewa chupa mbili. Kijana wa maabara ndiye aliyeuliza kwa nini choo hakijapimwa, kikapimwa, na mayai ya safura, ule mnyoo unaonyonya damu, yalikuwa yametapakaa kwenye kioo. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu, na vile vya asidi daktari akavisimamisha. Siku ya kumi na nane simu yangu ikaita. "Baba, huko Masasi ming'oko inapatikana?"

Nilikaa chini. Miaka minne hajawahi kuomba chakula.

Sasa twende kwenye kiini cha uzi. Wengi tunaamini minyoo inatudhuru kwa kutuibia chakula. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Kinachoharibika zaidi ni mawasiliano ya tumbo lenyewe: asidi, na homoni zinazoiamuru, na homoni zinazouambia ubongo kula au acha.

Chukulieni ghala la chama cha msingi msimu wa korosho. Magunia yakifika mlangoni, karani anapiga simu: makuli, njooni. Wanakuja, wanabeba. Kazi ikitosha bwana ghala anasema basi, na karani anaweka simu chini. Tumboni, karani ni homoni iitwayo gastrini. Chakula kikiingia, seli za sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo zinaimwaga kwenye damu, inazunguka, inarudi kwenye ukuta wa tumbo lilelile na kuziamsha seli za asidi. Seli hizo ndiyo makuli. Bwana ghala ni homoni nyingine, somatostatini: asidi ikizidi, anamnyamazisha karani.

Na asidi si adui, ingawa matangazo ya dawa yametufundisha kuiogopa. Tumbo lisilo na chakula huwa na pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya kati ya 1 na 3, ukali wa kutosha kuua vijidudu vingi tunavyomeza. Asidi ndiyo inayoiamsha pepsini ianze kuvunja nyama, samaki na mbaazi. Na ndiyo inayoyeyusha madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka ili utumbo uweze kuyafyonza. Hili la mwisho ndilo lililomwangusha mama mdogo, tutafika.

Chakula kikishuka kwenye utumbo mwembamba kinakutana na ghala la pili. Mafuta na protini zikigusa ukuta wake, seli zake zinatoa kolesistokinini, nitaifupisha CCK. Hii inauminya mfuko wa nyongo, inaiamuru kongosho imwage vimeng'enya, inalizuia tumbo la juu lisishushe mzigo haraka, kisha inapeleka ujumbe ubongoni kupitia neva: tumejaa, acha kula. Kwa wapenda historia, hata neno homoni lilizaliwa kwenye utumbo. William Bayliss na Ernest Starling waligundua sekretini huko London mwaka 1902, na mwaka 1905 Starling akalitumia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Sasa mbuzi. Huku kwetu mbuzi wengi hubeba mnyoo wa tumbo la nne, Haemonchus, mwekundu uliosokotwa na uzi mweupe. Mbuzi anavimba chini ya taya, ukifunua kope ndani ni peupe, na hali chakula. Majani yako magotini, anayatazama. Tumbo la nne la mbuzi ndilo linalofanana na letu, lenye asidi. Watafiti wa Australia, New Zealand na Ulaya waliopima kondoo na ng'ombe wenye minyoo ya tumbo hilo walikuta pH imetoka kwenye 2 na kupanda hadi 6 au 7, yaani karibu na maji ya kunywa. Seli za asidi zimezimwa au zimekufa, kwa uvimbe na kwa vitu ambavyo minyoo yenyewe inatema. Na gastrini je? Imepanda juu sana. Makuli hawapo, karani anapiga simu mchana kutwa. Ile pepsini ambayo haijaamshwa inavuja kuingia kwenye damu, mpaka madaktari wa mifugo wa Ulaya wanaitumia kama kipimo cha kujua ng'ombe mwenye minyoo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniuliza machinjioni, "Sasa huyu mbuzi ana asidi nyingi au kidogo?" Ukiangalia gastrini pekee utasema nyingi. Ukiangalia tumbo lenyewe, hakuna kitu. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi tangu Februari ile.

Na kwa nini hali? Kondoo wenye minyoo ya utumbo mwembamba walipimwa, CCK ikaonekana imepanda kadiri ulaji ulivyoshuka. Wanakondoo walipowekewa ubongoni dawa inayoziba masikio ya ubongo yasiisikie CCK, walikula zaidi, na minyoo bado wanayo. Yaani mnyama hakukosa nguvu ya kula. Alikuwa anaambiwa ameshiba. Kwa panya walioambukizwa mnyoo wa Trichinella imeonekana zaidi ya hapo: chembe za kinga za mwili ndizo zinazozichochea seli za utumbo zitoe CCK nyingi. Mwili unajinyima chakula wenyewe ukiwa katika vita vya kumfukuza mgeni. Kwa maambukizi ya wiki mbili hiyo inaweza kuwa akili njema. Kwa miaka minne ni maangamizi.

Mama mdogo hakuwa anatudanganya. Alikuwa ameshiba.

Sehemu ya binadamu naiandika chini, naomba msifunge mjadala kabla.

Mchunga wa Lukuledi

Naendelea. Safura haikai kwenye mfuko wa tumbo kama mnyoo wa mbuzi. Inajishikiza kwenye utumbo mwembamba, sehemu za juu, kwa hiyo maumivu yake hutokea chini ya kifua, mahali palepale pa vidonda. Ndiyo maana inafananishwa.

Hesabu yake ya damu ni hii. Aina moja, Necator, mnyoo mmoja hunyonya kama mililita 0.03 kwa siku. Aina ya pili, Ancylostoma, hufika 0.15 na zaidi. Mtu mwenye minyoo mia tatu ya ile aina ndogo anapoteza mililita tisa kwa siku, mililita 270 kwa mwezi. Chupa moja ya kuchangia damu ni 450. Na minyoo hii huishi miaka.

Sasa weka juu yake kidonge cha kupunguza asidi, kila siku, miaka minne. Minyoo inatoa chuma mlango wa nyuma. Chakula chetu, muhogo, mbaazi, kisamvu, kina chuma cha mimea ambacho bila asidi hakifyonzwi vizuri. Kidonge kinaufunga mlango wa mbele. Na mtu mwenye upungufu wa chuma wa muda mrefu mara nyingi hukutwa ukuta wa tumbo umesinyaa na asidi imepungua hata bila kidonge. Mambo hayo mawili yanasukumana. Tulikuwa tunamtibu mama kwa kumzibia njia ya mwisho ya kujenga damu. Tulifanya hivyo kwa upendo na kwa pesa za korosho.

Kula udongo nako sasa naelewa. Tamaa ya udongo, mkaa au mchele mbichi kwa mtu asiye mjamzito ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Ukiiona nyumbani kwako, peleka mtu apimwe damu.

Minyoo mingine ina mbinu zake. Ile mirefu ya watoto, Ascaris, inayofika sentimita thelathini na kutaga mayai kama 200,000 kwa siku, inaishi katikati ya vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama na haiyeyuki. Inatoa protini zinazozizuia pepsini na tripsini zisiiguse. Fikirieni: sehemu hasa ambayo mlo wa mtoto unatakiwa uvunjwe, kuna mkazi anayezima vimeng'enya ili aokoe ngozi yake.

Kuhusu hamu ya kula, ushahidi upo hapahapa nchini. Utafiti wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2004, ulifuatilia watoto wadogo waliopewa dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Waliopewa walikuwa na hamu bora ya kula kuliko ambao hawakupewa. Kwa hiyo mama anayemchapa mtoto kwa kukataa uji, tafadhali, kwanza mpeleke akapimwe.

Bint Mikindani

Kaka, umeandika habari za mama yangu bila kumjua. Miaka 61, yupo kijijini upande wa Nanyamba, anatumia omeprazoli, kidonge cha kupunguza asidi, tangu kabla ya korona. Anakula kama kifaranga. Analala mchana, akipanda ngazi mbili anahema. Lakini nina swali: dawa za minyoo si zinatolewa? Watoto wangu wanapewa shuleni kila mwaka. Na kampeni ya mabusha na matende ilipita kijijini kwao, watu wote walimeza. Iweje bado?

Mchunga wa Lukuledi

Dada, swali zuri. Za shuleni ni za watoto wa shule, bibi hayumo. Za mabusha na matende kweli zilikuwa mbili kwa pamoja, ivermektini na albendazoli, na hiyo ya pili inagusa safura. Lakini ni mara moja kwa mwaka, dozi moja haimalizi safura yote kwa kila mtu, na mama akirudi shambani anaokota mpya. Kiluwiluwi cha safura hakisubiri kuliwa, kinatoboa ngozi ya mguu. Mtafiti Arthur Looss alilijua hilo Cairo mwishoni mwa karne ya 19, alipodondosha maji yenye viluwiluwi mkononi mwake, ngozi ikamuwasha, na baadaye akajikuta na safura.

Tazama sasa mazingira yetu. Mchanga wa pwani, kivuli cha mikorosho, mvua za Desemba mpaka Aprili, na watu wanaopalilia kutwa mbali na choo. Mayai yanataka mchanga wenye unyevu, joto na kivuli. Yanaanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya wiki hivi kiluwiluwi yuko tayari kwa mguu mtupu. Mama anavaa nini shambani?

Bint Mikindani

Hana kitu. Ndala anaziacha nyumbani zisiharibike.

Mkulima wa Tandahimba

Mimi nitapingana kidogo, mkuu, kwa heshima. Huku kwetu kila mtu ana minyoo. Wazee wetu walikuwa nayo na walibeba magunia. Na mimi mwenyewe nilipimwa nikakutwa na wale bakteria wa vidonda, nikapewa dawa za siku kumi na nne, nikapona kabisa. Uzi kama huu utawafanya watu waache dawa halali wakimbilie dawa ya minyoo ya mia tano.

Mchunga wa Lukuledi

Mkulima, hoja yako ni ya haki na nakushukuru. Vidonda vipo. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobeli mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa. Ulipimwa, akaonekana, ukatibiwa, ukapona. Hiyo ndiyo njia. Ninachokilalamikia ni mtu kupewa jina la ugonjwa bila kipimo, kisha dawa ya kufunika dalili kwa miaka.

Na jua kwamba bakteria huyo naye anacheza na homoni zilezile. Akikaa sehemu ya chini ya tumbo, anampunguzia bwana ghala nguvu, gastrini inapanda na asidi inazidi. Hapo kidonda kinazaliwa. Akisambaa mpaka juu na kukaa miaka, anazimaliza seli za asidi na tumbo linasinyaa, kama la mbuzi wangu. Dalili kwa mgonjwa zinaweza kufanana. Ndiyo maana nasema kipimo, kipimo.

Kuhusu wazee wetu: waliobeba magunia tunawakumbuka kwa sababu walibeba. Waliokuwa wanahema kwenye mkeka tuliambiwa wamelogwa.

Darubini

Nimefanya maabara ya kituo cha afya miaka tisa, si Mtwara mjini. Niongeze jambo moja ambalo hata wenzangu wa vyumba vya daktari wanalisahau.

Mayai ya safura ni mepesi na yana gamba jembamba. Choo kikikaa muda mrefu kwenye joto letu, yanaanguliwa. Na kwenye ile njia ya kupima ya Kato, ile ya kukandamiza choo chini ya karatasi laini yenye gliserini, kioo kikisubiri zaidi ya saa moja mayai ya safura yanafifia mpaka hayaonekani. Ya minyoo mirefu yanabaki, ya safura yanapotea. Mgonjwa aliyeleta choo saa moja asubuhi kikasomwa saa sita anaandikiwa "hakuna kitu". Hajapimwa huyo.

Mletee fundi choo kibichi. Mwambie kwa adabu, "Naomba kisomwe sasa, natafuta safura." Na kipimo kimoja kikikosa, rudia siku nyingine, maana mayai hayatoki sawa kila siku.

Mchunga wa Lukuledi

Darubini, Mungu akuzidishie. Natamani maneno haya yabandikwe kwenye mlango wa kila zahanati.

Mpwa wa Kilwa

Habari zenu. Mjomba wangu, miaka 58, Kilwa Kivinje. Tumbo la juu linamuuma mwezi wa pili huu, amedhoofu. Tangu juzi choo chake cheusi kama lami na kinanuka vibaya, jana alizimia msalani. Nimesoma uzi wote, nadhani ni safura. Nimnunulie albendazoli?

Mchunga wa Lukuledi

Mpwa, acha kusoma uzi. Choo cheusi kama lami na kuzimia ni damu inayovuja nyingi tumboni, na inaweza kuwa kidonda kinachotoka damu. Hiyo haisubiri kesho wala dawa ya minyoo. Mtafutie usafiri sasa hivi, hospitali yenye damu ya kuongezea, na wewe nenda ukiwa tayari kuchangia. Asimeze dawa ya maumivu yoyote njiani. Ukifika, tuandikie.

Sista Makonde

Mimi ni muuguzi, namuunga mkono. Wote mnaosoma: kutapika damu, choo cheusi, kushindwa kumeza, kukonda haraka, hayo si ya duka la dawa.

Mwanafunzi Ndanda

Mkuu, hayo ya kondoo na panya nimeelewa. Kuna binadamu waliopimwa homoni hizi wakiwa na vimelea?

Mchunga wa Lukuledi

Wapo, mdogo wangu. Mfano ulio wazi zaidi uko mbali na sisi, Amerika ya Kusini. Ugonjwa wa Chagas, ulioelezwa na Carlos Chagas wa Brazili mwaka 1909, unaletwa na kimelea kinachoua neva za ukuta wa utumbo. Wagonjwa wake wa muda mrefu wamekutwa na asidi iliyopungua na gastrini iliyopanda. Karani na makuli, hadithi ileile, safari hii kilichokatika ni waya wa simu. Kwetu ugonjwa huo haupo, usiogope.

Wa pili ni giardia, na huyu kwetu yupo, kwenye maji. Mwaka 2004 mji wa Bergen, Norwei, ulikunywa maji yenye giardia na watu wengi wakaugua. Kimelea kilitibiwa, lakini wengine tumbo halikurudi sawa: wanashiba haraka, gesi, maumivu. Walipochukuliwa vinyama vya mwanzo wa utumbo mwembamba, seli za CCK zilikutwa nyingi kuliko za watu wazima wa afya. Kimelea kimeondoka, karani mgeni amebaki na simu.

Na giardia anapenda tumbo lenye asidi kidogo, kwa kuwa mlinzi wa mlangoni hayupo. Kwa hiyo mtu anayemeza kidonge cha asidi mwaka mzima huku akinywa maji ya kisima kisichofunikwa, anamfungulia mlango. Wenzetu wa Newala na uwanda wote wa juu, ambako maji ni ya kubebwa na kuhifadhiwa siku nyingi, chemsheni jamani.

Mkulima wa Tandahimba

Na kichocho? Huku watoto wanakojoa damu.

Mchunga wa Lukuledi

Kichocho cha kwetu Kusini hasa ni cha mkojo, kinakaa kwenye mishipa ya kibofu, si tumboni. Damu kinapunguza, lakini dawa yake ni nyingine, prazikwanteli, na mtoto anapewa kwa kipimo cha uzito au urefu. Apelekwe.

Mpwa wa Kilwa

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne. Tulifika saa tano usiku. Wamemwekea mpira wenye kamera, ni kidonda kwenye mwanzo wa utumbo, kilikuwa kinatoa damu. Alikuwa anameza dawa za maumivu ya mgongo kila siku tangu msimu wa kupulizia salfa, hakutuambia. Ameongezewa chupa tatu; mimi na mdogo wangu tumechangia mbili kurudisha benki ya damu. Anaongea. Dawa ya kupunguza asidi anapewa, na daktari amesema safari hii ndiyo yenyewe.

Mchunga wa Lukuledi

Alhamdulillah. Nimesoma mara mbili. Mpe pole nyingi mjomba, na amshike daktari wake. Mkulima wa Tandahimba, unaona, ulisema kweli: ukiwa na kidonda kilichothibitishwa, dawa ya asidi inaokoa maisha.

Bint Mikindani

Na mimi nimerudi. Nilimfuata mama Jumamosi. Jumatatu alfajiri tulipanda bodaboda ya kwanza, choo tumekitolea palepale kituoni kama alivyosema Darubini, nikamwomba fundi akisome mbele yangu. Safura, na akasema ni nyingi. Damu 7.1. Kipimo cha bakteria wa vidonda hakikuonyesha kitu. Amepewa albendazoli na vidonge vya damu, arudi baada ya mwezi.

Nina swali la mwisho. Omeprazoli daktari amesema aache taratibu, asikate ghafla. Mama anasema "kama haina kazi, naitupa leo." Nimwambie nini?

Mchunga wa Lukuledi

Mwambie daktari yuko sahihi, na sababu ni yule karani wetu. Dawa hiyo inawazuia makuli kufanya kazi, kwa hiyo gastrini imekaa juu miaka yote hiyo, na imewaongeza makuli. Ukiiondoa ghafla, wote wanaingia ghalani kwa pamoja, na mtu anaweza kupata kiungulia kikali wiki kadhaa akadhani ugonjwa umerudi. Wengi ndipo wanaporudi kwenye kidonge. Afuate ratiba aliyopewa.

Vidonge vya damu asivimeze na chai ya rangi, ule ukali wa chai unakikamata chuma kisifyonzwe. Maji, au juisi ya ndimu au embe. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya chuma, hilo mweleze mapema asitishike, lakini kisiwe cha kunata kama lami. Na mnunulie viatu vya mpira vya shambani, vile vya kufunika mguu, umwambie vimetoka kwako ni zawadi, asiviache nyumbani visiharibike.

Nisalimie mama, shikamoo yangu imfikie. Akikuamsha usiku akitaka kula, mpikie.